Bei ya Kujiendeleza: Huria, Masomo ya Jioni au Likizo ya Masomo

Karibu kila mfanyakazi anayefikiria kurudi darasani akiwa na miaka thelathini na kitu huanza na swali moja: ada kwa mwaka ni kiasi gani? Vyuo vinalijua swali hilo, na mabango yao hulijibu kwa herufi kubwa. Lakini ada ya mwaka haimsaidii sana mtu ambaye hajui atasoma miaka mingapi. Ninayemlinganishia hapa ni mtu mwenye kazi na wategemezi, anayeishi Tanzania, anayetaka shahada ya kwanza bila nyumba yake kuyumba. Kwake bei ni kila shilingi na kila saa itakayotoka hadi siku anapokabidhiwa cheti, na ndani ya jumla hiyo ada mara nyingi si kipande kikubwa kuliko vyote.

Tuanze na saa, maana ndizo zinazowaangusha watu. Mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hupima shahada kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mhadhara, kujisomea, kuandika asaimenti, kufanya mtihani, vyote vimo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Hakuna chuo kinachoweza kukupunguzia saa hizo kihalali. Tofauti ya chuo na chuo ni namna zinavyopangwa. Mwenye saa 25 kila wiki, kwa wiki 48 za mwaka, anamaliza kwa miaka mitatu. Mwenye saa 15 anahitaji mitano. Mwenye saa 10, ambazo ndizo wengi wetu tungebakiwa nazo ukiondoa kazi, foleni, misiba na michango ya harusi, anahitaji miaka saba na nusu.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua fomu, chukua wiki moja ya kawaida, isiyo ya likizo, uandike saa zako. Usiandike zile unazotamani kuwa nazo. Andika zile ambazo hakuna aliyekuita, hukuwa umechoka na taa ilikuwa inawaka. Namba utakayoipata ndiyo itakayokuambia chuo gani ni rahisi kwako.

Mlango nao una bei yake. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, TCU inataka ufaulu wa masomo mawili ya msingi kwa jumla ya pointi 4, ambapo D ni pointi 2, kwa hiyo D mbili zinatosha kufikia kiwango cha chini. Mwenye stashahada anahitaji wastani wa GPA 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kwa D au zaidi. Chuo na kozi vinaweza kudai zaidi ya hapo. Aliyefika kidato cha sita lakini pointi zikapungua ana njia mbili za kawaida. Anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au kusoma kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo nayo inamtaka atoke na GPA 3.0. Kurudia mtihani ni rahisi zaidi kwa fedha taslimu: ada ya Baraza la Mitihani kwa mtahiniwa wa kujitegemea imekuwa Sh50,000 kwa miaka kadhaa, na atakayechelewa kujisajili huongezewa faini. Tatizo ni kwamba mtihani ni mmoja kwa mwaka, na mtu mzima anayesoma Historia na Jiografia peke yake baada ya kuziacha miaka 12 anacheza bahati nasibu. Ningekuwa mimi ningelipia kozi ya msingi, kwa sababu inamzoesha mtu mfumo uleule atakaousoma baadaye.

Aliyeishia kidato cha nne ana safari ndefu zaidi. Katika ngazi za NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, atapita cheti cha awali, ambacho ni ngazi ya 4, kisha stashahada, ngazi ya 5 na ya 6. Ni miaka mitatu hivi kabla hajagusa shahada. Njia hii ina faida moja inayosahaulika: kila kituo kina cheti chake. Ukikwama baada ya miaka mitatu una stashahada mkononi. Aliyekwama mwaka wa pili wa shahada ana matokeo tu.

Sasa tufike kwenye njia tatu zenyewe.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kikaanza kudahili miaka miwili baadaye. Kina kituo katika kila mkoa, na hilo si jambo dogo kwa mganga wa zahanati wa Kasulu au karani wa mahakama wa Newala, ambaye hana chuo kingine cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ada hutozwa kwa kadiri ya masomo unayoyasajili. Mwaka ambao mama anaugua unasajili mawili, mwaka ulionyooka unasajili yote. Hakuna mfumo mwingine nchini unaomvumilia mtu mzima kiasi hicho, na uvumilivu huo huo ndio mtego wake. Hakuna anayekusubiri darasani. Mhadhiri hatauliza uko wapi. Elimu haina mwisho, tulifundishwa hivyo, lakini usajili wa chuo una mwisho, na wapo wanaofikishwa hapo wakiwa na masomo manane bado hawajayafanya.

Masomo ya jioni yako mijini, na kwa wingi zaidi Dar es Salaam: IFM pale Mtaa wa Shaaban Robert, CBE, na vyuo vingine vya fani za biashara na utawala. Darasa huanza watu wanapotoka kazini na kumalizika usiku. Ukitaka uhandisi au sayansi, uwanja wa jioni ni mwembamba, na ukitaka udaktari usijisumbue kuuliza.

Njia ya tatu ni kwenda chuo mchana kama wengine, kwa likizo ya masomo au kwa kuacha kazi. Vijana hawaamini ukiwaambia kwamba kuna wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuwataka waliotoka shuleni moja kwa moja. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza mtu apite kazini kwanza, na barua za mwajiri na za tawi la chama tawala zikawa sehemu ya sifa za kuingia. Mtu mzima darasani alikuwa ndiye mwanafunzi wa kawaida. Utaratibu ule ulikwisha, na leo ratiba ya mchana imepangwa kwa ajili ya mwenye miaka 20 anayeishi bwenini.

Tufanye hesabu. Namba zifuatazo ni za kukadiria, weka za kwako mahali pa zangu, maana kila chuo hutoa orodha yake ya ada kila mwaka. Kwa vyuo vya umma, ada ya shahada nyingi za kwanza imekuwa ikicheza kati ya Sh1,000,000 na Sh1,500,000 kwa mwaka.

Chukua karani wa kampuni ya usafirishaji mizigo, anafanya kazi Posta na anaishi Chanika. Akisoma jioni, tuseme ada ni Sh1,500,000 kwa mwaka, na makato mengine ya chuo (usajili, mitihani, serikali ya wanafunzi na Sh20,000 ya TCU ya kila mwaka) yafike Sh150,000. Nauli ya kwenda mjini hatuihesabu, angekwenda tu kazini. Tunahesabu kile kinachoongezeka: bodaboda ya Sh2,000 usiku kutoka kituoni hadi nyumbani, kwa sababu muda ule haendi kwa miguu, na chakula cha Sh3,000 kwa kuwa hawezi kukaa na njaa tangu saa 6 mchana hadi saa 4 usiku. Siku nne kwa wiki, wiki 30 za masomo, ni Sh600,000 kwa mwaka. Ongeza bando la Sh10,000 kila mwezi. Kwa mwaka zinatoka Sh2,370,000, na kwa miaka mitatu Sh7,110,000.

Akienda Huria, tuseme masomo ya mwaka mzima yanagharimu Sh1,000,000, kwa hiyo shahada nzima Sh3,000,000, aimalize lini aimalize. Lakini kila mwaka anaoendelea kuwa mwanafunzi una gharama za kuwepo tu: makato ya chuo Sh150,000, bando la Sh20,000 kwa mwezi kwa sababu masomo yako mtandaoni, na Sh100,000 za kwenda kituoni na kuchapisha. Jumla Sh490,000. Akimaliza kwa miaka mitatu amelipa Sh4,470,000. Kwa minne, Sh4,960,000. Kwa mitano, Sh5,450,000.

Hadi hapo Huria imeshinda kwa mbali, na wengi huishia hapo na kujisajili. Tuongeze jambo moja. Mwajiri wake ameahidi kwamba akileta shahada mshahara utapanda kwa Sh150,000 baada ya makato. Hiyo ni Sh1,800,000 kwa mwaka, na kila mwaka anaochelewa ni fedha anazoziacha mezani. Huria kwa miaka minne, ukijumlisha mwaka mmoja wa nyongeza iliyopotea, inakuwa Sh6,760,000, bado chini ya jioni. Kwa miaka mitano inafika Sh9,050,000. Mstari wa kuvuka uko kati ya mwaka wa nne na wa tano. Kwa karani huyu, kama wiki yake ile aliyoiandika ilionyesha saa 20 au zaidi, Huria ni rahisi. Kama ilionyesha 15, na ratiba ya jioni ingemlazimisha kuziongeza, chuo cha bei nafuu ndicho kitakachomgharimu zaidi.

Kwa hesabu hiyo, ile nyongeza ya fedha anayolipa mwanafunzi wa jioni ni bei ya ratiba. Ananunua mhadhiri anayesubiri, wenzake wanaouliza mbona hukuja, jaribio la Alhamisi ambalo halisogezwi. Kuna watu wasiohitaji kununua kitu hicho. Mtu aliyewahi kusoma mitihani ya bodi peke yake akafaulu anajua tayari kwamba anaweza. Lakini aliyemaliza shule miaka 15 iliyopita na tangu hapo hajasoma kitabu hadi mwisho asijidanganye. Kuna njia ya kupata ratiba bila kuilipia: kikundi cha watu watatu au wanne wa kozi moja, kituo kimoja, wanaokutana kila Jumamosi. Kituo cha mkoa kinaweza kukuunganisha nao ukiuliza. Usipowapata mwezi wa kwanza, hutawapata mwezi wa kumi.

Mwenye duka lake, ambaye hakuna mtu wa kumpandishia mshahara, hesabu yake ni tofauti kabisa. Kwake kuchelewa hakuna bei ya moja kwa moja. Hata akimaliza kwa miaka sita atakuwa amelipa Sh5,940,000, na Huria inabaki rahisi kwake. Swali lake ni kama kweli anahitaji shahada, na tutalirudia.

Mwalimu wa halmashauri, nesi, afisa mtendaji wa kata: hawa wana karata ambayo karani wa kampuni hana. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini, ambaye masomo yake yamo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, anaweza kupewa ruhusa ya masomo huku mshahara ukiendelea. Ukiacha kazi yenye kima cha chini cha mshahara wa serikali, ambacho tangu Julai 2025 ni Sh500,000, miaka mitatu ya chuo inakupotezea Sh18,000,000 kabla hujalipa hata shilingi ya ada. Ukipewa ruhusa yenye mshahara, kiasi hicho chote kinafutika na kusoma mchana kunaweza kuwa njia ya bei nafuu kuliko zote, hata ukipanga chumba Morogoro au Dodoma. Karatasi moja yenye muhuri ina thamani ya shilingi milioni kumi na nane. Ndiyo maana ni makosa kwenda kuiomba wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa. Jina liingie kwenye mpango wa mafunzo kwanza, na mpango huo huandaliwa pamoja na bajeti.

Mtumishi huyo aulize jambo la pili, na apate jibu kwa maandishi kutoka kwa afisa utumishi: nikimaliza shahada hii, muundo wa utumishi unanitambua wapi? Mwalimu wa stashahada anayesoma shahada ya ualimu amepanda ndani ya kada yake. Mwalimu huyohuyo akisoma sheria ameomba kubadili kada, na kubadili kada kunategemea nafasi, bajeti na kibali, na kunaweza kumwanzisha ngazi ya chini ya muundo mpya. Wapo walimu wenye shahada nzuri ambazo mshahara wao hauzijui.

Kuna gharama ya muda ambayo orodha ya ada haiionyeshi: fildi. Kozi nyingi zina mafunzo kwa vitendo ya wiki nane hivi, na wanaosoma ualimu huenda mazoezi ya kufundisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wiki nane ni siku 56. Likizo mbili nzima zinakwenda huko, au siku zinazobaki ni bila malipo, au unazungumza na chuo mapema wakubali fildi ufanyie hapohapo kazini kwako. Vyuo vinavyozoea watu wazima hukubali hilo kirahisi zaidi. Uliza kabla ya kulipa.

Na sapu, yaani mtihani wa marudio. Mwanafunzi wa mchana akipata sapu anarudi chuoni mapema kidogo. Mfanyakazi anaomba ruhusa nyingine kwa bosi yuleyule aliyempa ruhusa ya mitihani mwezi uliopita. Akibeba masomo mengi ya kurudia, mwaka unaongezeka, na kule ambako ada ni ya mwaka na si ya somo, mwaka huo unaweza kugharimu sana. Hapo ndipo mfumo wa kulipia kwa somo una huruma kuliko mwingine.

Fedha zitoke wapi? Bodi ya Mikopo, kwa sehemu kubwa, haikutengenezwa kwa ajili yako. Katika miongozo yake ya miaka ya karibuni, mwombaji wa shahada ya kwanza ametakiwa asizidi miaka 35 na asiwe na ajira rasmi. Kama uliwahi kukopa huko nyuma ukaacha chuo, deni bado lipo, na makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wengi hubaki na Saccos ya kazini au mkopo wa benki. Hapa angalia namna riba inavyokokotolewa kuliko kiwango chake. Mkopo wa Sh1,500,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, utakutoza riba ya Sh97,500. Asilimia 1 ileile ikikokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho ni Sh180,000. Afisa mikopo atakutajia asilimia na kunyamaza. Huria ina nafuu nyingine hapa: kwa kuwa unalipia masomo unayoyasajili, unaweza kusoma kwa mshahara wa kila muhula bila kukopa kabisa, na mtu asiyedaiwa husoma kwa utulivu zaidi.

Bima ya afya ya wanafunzi imekuwa Sh50,400 kwa mwaka. Mwenye kadi hai ya kazini apeleke nakala yake, asilipe mara mbili.

Tulirudie lile swali la mwenye duka. Kuna watu wanaokwenda kutafuta shahada wakati kitu kingine kingewafaa zaidi kwa bei ndogo. Mhasibu mwenye shahada tayari, anayefikiria shahada ya pili ya darasa la jioni, aangalie kwanza mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. CPA husomewa ukiwa kazini, na kwa mtu wa fani hiyo ndiyo inayofungua saini ya ukaguzi, jambo ambalo shahada ya uzamili peke yake haifanyi. Mtu wa manunuzi vivyo hivyo ana bodi yake, PSPTB. Fundi umeme au fundi magari aliyejifunzia gereji kwa miaka kumi hana haja ya kuanzia mbali. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, anapimwa kwa kazi na kupewa cheti. Na mwenye duka, kama shida yake ni hesabu za stoo na kodi, kozi fupi ya wiki chache itamfaa kuliko miaka mitano ya utawala wa biashara. Kama anaitaka shahada kwa sababu anaitaka tu, hiyo ni sababu halali, ila asiiite uwekezaji.

Vyuo vya nje vinavyofundisha mtandaoni navyo vinaingia kwenye mizani, na baadhi ada yao iko chini. Cheti cha nje kitahitaji kutambuliwa na TCU kabla mwajiri wa umma hajakipokea, na utambuzi huo una ada na muda wake. Iulize TCU kuhusu chuo hicho kabla ya kutuma fedha.

Jambo la mwisho ni majina. Uhakiki wa vyeti wa 2017 uliwaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,000 kwa vyeti vya kughushi, na tangu hapo maofisi yamekuwa makali juu ya herufi. Jina la cheti cha kidato cha nne, la kitambulisho cha NIDA na la barua ya mwajiri yawe mamoja kabla hujajisajili chuoni. Kurekebisha kwa hati ya wakili na Msajili wa Hati mwanzoni ni kazi ya wiki kadhaa, lakini kurekebisha cheti cha shahada kilichokwisha kuchapwa ni kazi utakayoichukia. Na ada ya chuo cha umma hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Anayekutumia namba yake ya simu akisema ni ya ofisi ya usajili, mwache na simu yake.